Mashine ya aiskrimu nyumbani: Baridi yake haiui viini, chagua kwa makini

Kuanzia Januari hadi Machi, jua linapoichoma Nairobi na joto la Mombasa na Kisumu likawa halivumiliki, kengele ya baiskeli ya muuza aiskrimu husikika mtaani karibu kila alasiri. Mtoto akiisikia hana dogo. Mzazi naye hubaki katika njia panda: amnunulie bila kujua maziwa yalitoka wapi, au amnyime na kuvumilia kilio hadi jioni.

Si ajabu basi kwamba kuna wazazi wanaoamua kununua mashine ya kutengenezea aiskrimu nyumbani. Mashine hizi huuzwa katika maduka ya vyombo vya stima, na nyingine huletwa na jamaa walio ng'ambo. Inayosifiwa zaidi ni ile yenye kompresa, yaani iliyo na mtambo wake wa kutoa baridi kama friji. Bei yake si mchezo. Yaweza kuzidi ya friji ndogo. Ndiyo maana yafaa mtu ajue anachonunua kabla hajatoa pesa zake.

Ukimwuliza mnunuzi kwa nini anaitaka, mara nyingi atajibu kwamba ni kwa ajili ya afya. "Nikitengeneza mwenyewe najua nilichotia." Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mashine ya aiskrimu haipiki wala haichemshi. Kazi yake ni moja tu, kugandisha kile ulichomimina ndani huku ikikikoroga. Ukimimina maziwa yenye viini, utapakua aiskrimu yenye viini, tena ikiwa tamu na laini kiasi kwamba hakuna atakayeshuku.

Kwa hivyo mashine ifaayo kwa jamaa si ile yenye vibonyezo vingi wala inayong'aa kuliko nyingine. Ni ile inayogandisha upesi, inayooshwa kila pembe, na inayoweza kuhimili stima zetu na joto letu. Mengine ni mapambo.

Aina tatu

Aiskrimu ya nyumbani ilikuwapo kabla ya stima. Mwaka wa 1843, mama Mmarekani aitwaye Nancy Johnson alipewa hataza ya ndoo ya kutengenezea aiskrimu kwa kuzungusha mkono. Mkebe wa maziwa huwekwa katikati ya ndoo, ukazungukwa na barafu iliyochanganywa na chumvi. Chumvi huifanya barafu iyeyuke ikiwa baridi zaidi kuliko kawaida, na baridi hiyo huyagandisha maziwa. Ndoo za aina hii zingali zinatengenezwa, nyingine zikiwa na mota badala ya mkono. Hazina ubaya, ila huhitaji barafu nyingi, na mfuniko ukilegea maji ya chumvi huingia ndani ya maziwa na kazi yote huharibika.

Aina ya pili ni mashine ya bakuli la kugandishwa. Bakuli hilo lina maji maalumu ndani ya kuta zake, na ni lazima likae katika friza kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kutumiwa. Ni ya bei nafuu na ni nyepesi. Lakini tuseme ukweli kuhusu majokofu ya nyumba zetu. Wengi tuna friji ya mlango mmoja yenye kijisanduku cha barafu hapo juu, nacho kimejaa nyama na samaki. Bakuli halitoshei, na hata likitosha, kijisanduku hicho mara nyingi hakifikii nyuzi 18 chini ya sufuri zinazohitajika. Matokeo yake ni kwamba mota huzunguka nusu saa nzima na maziwa yakabaki uji. Mpishi huyaacha yazunguke zaidi akitumaini yatashika. Hayashiki. Yanachofanya ni kupata joto polepole, jambo ambalo viini hulifurahia.

Ya tatu ndiyo hii yenye kompresa. Ndani yake mna gesi inayosukumwa katika mabomba membamba. Kompresa huibana gesi hiyo ikapata moto, ikautoa moto huo nje kupitia mabomba na feni, kisha ikaachiliwa ghafla kandokando ya bakuli, na hapo hupoa na kufyonza joto la maziwa. Hakuna kungoja usiku kucha. Unawasha mashine dakika 10 hivi ipoe, unamimina, na baada ya dakika 30 hadi 60 aiskrimu imeshika. Ukitaka kutengeneza nyingine mara moja, unaendelea.

Upesi huo una faida mbili. Kwanza, maziwa yakiganda haraka chembe za barafu huwa ndogo, na ulimi hauzihisi. Pili, na hili ndilo linalohusu ukurasa huu, mchanganyiko haukai muda mrefu katika hali ya uvuguvugu. Wataalamu wa usalama wa chakula husema kwamba viini huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za joto. Kadiri chakula kinavyopita haraka katika eneo hilo ndivyo kinavyokuwa salama.

Ikiwa nyumba yako hula aiskrimu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, usijitie gharamani. Gandisha ndizi mbivu zilizokatwakatwa, uzisage kwa blenda, na watoto hawatalalamika. Mashine ya kompresa inamfaa mtu atakayeitumia mara kwa mara, ama kwa kuwa watoto ni wengi, ama kwa kuwa kuna mtu nyumbani ambaye hawezi kula ile ya dukani.

Onyo moja kuhusu maduka. Kuna mashine ambazo wauzaji huziita "za kujipoza zenyewe" na hazina kompresa hata kidogo. Usibishane na muuzaji. Igeuze mashine utazame kibati kilichobandikwa nyuma au chini. Mashine ya kompresa huandikwa jina la gesi na uzito wake kwa gramu, kwa mfano R600a au R134a. Usipoona gesi yoyote kwenye kibati, hiyo siyo. Uzito nao hutoa ushahidi, kwani zenye kompresa nyingi huwa na kilo 10 au zaidi. Kile unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja kitilie shaka.

Baridi haiui

Watu wengi huamini kwamba friza ni kama moto, kwamba kilichoganda kimetakasika. Hili ni kosa linalowapeleka watu hospitalini. Baridi huvilaza viini, haiviui. Vikifika tumboni, penye joto, huamka.

Mwaka wa 1994 Marekani ilipata somo la kutisha. Mchanganyiko wa aiskrimu, uliokuwa umekwisha kuchemshwa kiwandani ili kuua viini, ulisafirishwa kwa malori ya matangi ambayo awali yalikuwa yamebeba mayai mabichi. Kiwanda cha kampuni ya Schwan's kikautumia jinsi ulivyo bila kuuchemsha tena. Watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 224,000 waliugua kwa viini vya salmonela, vinavyoleta kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Mitambo ya kugandisha haikuwa na hitilafu. Uchafu uliingia kabla ya baridi, na baridi ikauhifadhi hadi mezani.

Mwaka wa 2015 nchini humo humo, aiskrimu ya kampuni ya Blue Bell ilihusishwa na viini vya listeria. Watu 10 waliugua na watatu wakafa. Baadhi yao walikuwa wagonjwa waliolazwa hospitalini kwa maradhi mengine. Listeria ni kiini cha ajabu, kwani viini vingine hupoa vikiwa ndani ya friji ilhali chenyewe huendelea kuzaana humo, na kikigandishwa hakifi. Wanaopaswa kukiogopa zaidi ni akina mama waja wazito, wazee, watoto wachanga na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua. Mama mjamzito anaweza kuugua homa kidogo tu huku mtoto aliye tumboni akidhurika vibaya.

Kwetu hapa hatari zaidi iko katika maziwa yenyewe. Maziwa mabichi ya mtungi yanaweza kubeba viini vya brusela, ugonjwa unaoleta homa ya kurudirudi na maumivu ya viungo ambayo wengi huyadhania malaria, na pia viini vya kifua kikuu cha ng'ombe. Kila mama wa Kenya hujua kuchemsha maziwa ya chai. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akitengeneza aiskrimu, hufuata maelezo ya kitabu cha kigeni yanayosema "mimina maziwa na krimu katika mashine", akasahau kwamba aliyeandika alikuwa na maziwa yaliyokwisha kutakaswa kiwandani. Ikiwa unatumia maziwa ya pakiti au yale ya kukaa muda mrefu, sawa. Ikiwa ni ya mtungi, yachemshe kwanza, hata kama aliyekuuzia ni jirani unayemwamini.

Mayai nayo ni vivyo hivyo. Mapishi mengi ya Kizungu hutaka viini vya mayai, yaani ile sehemu ya manjano, ili aiskrimu iwe nzito. Vikitiwa vibichi, umecheza kamari. Yapashe moto pamoja na maziwa, ukikoroga bila kuacha, hadi nyuzi 71. Asiye na kipimajoto atazame mchanganyiko unapoanza kuganda mgongoni mwa mwiko, na akipitisha kidole njia hiyo ibaki wazi. Usiuache uchemke, la sivyo mayai yatakatika.

Njia nyepesi zaidi iko kabatini mwako. Unga wa kastadi wa mkebe, ule tuliokula na matunda tangu utotoni, kwa kawaida ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na ladha. Hauhitaji yai. Upike na maziwa kama kawaida, ila uwe mwepesi kidogo, uupoze, na utapata aiskrimu laini isiyo na hatari ya mayai.

Bakuli litoke

Sasa tuingie dukani. Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe la bei wala la ukubwa. Mwulize, "Bakuli hutoka?"

Kuna mashine ambazo bakuli lake limeunganishwa na mwili wa mashine. Hugandisha vizuri sana kwa sababu mabomba ya baridi yameshikana na chuma chenyewe. Lakini kuliosha ni taabu. Huwezi kuiinua mashine yenye stima ukaiweka chini ya mfereji. Inakubidi kupangusa kwa kitambaa, kumimina maji ya moto kidogo, kukausha kwa sifongo, na kurudia mara tatu au nne. Mwenye subira ataweza. Katika nyumba ambamo mashine inaoshwa na mtoto wa shule au mfanyakazi mwenye shughuli 20 nyingine, mabaki ya maziwa yatabaki katika shimo la katikati, pale kikorogeo kinapoingia, na kufikia Jumapili ijayo yatakuwa yamechacha.

Kwa maoni yangu, jamaa ya kawaida ichague bakuli linalotoka, hata kama itachukua dakika chache zaidi kugandisha. Litazame kwa karibu. Liwe la chuma kisichoshika kutu au alumini iliyopakwa vizuri, lisiwe na mikunjo ambayo kidole hakifikii. Kikorogeo nacho kitoke chote, na mfuniko pia. Ukiona raba au skrubu mahali ambapo maziwa hugusa, na hakuna njia ya kuifungua na kuiosha, iache hapo hapo. Baadhi ya mashine zenye bakuli la kutoka huhitaji maji ya chumvi au kileo kidogo kati ya bakuli na mwili wa mashine ili baridi ipite. Hizo si mbaya, ila ukilitoa bakuli lipanguse chini kabla ya kupakua, maji hayo yasidondokee chakula.

Usiparuze bakuli kwa kijiko cha chuma. Mikwaruzo huwa nyumba ya viini. Tumia mwiko wa plastiki.

Kuhusu ukubwa, usipumbazwe na namba iliyoandikwa kwenye kasha. Mashine ya lita 1.5 haipaswi kumiminiwa lita 1.5 za maziwa. Aiskrimu huvuta hewa inapokorogwa na huvimba, kwa hiyo utamimina kama lita moja hivi. Ukizidisha, baridi hushindwa kufika katikati, mota hukaza na hatimaye husimama. Kwa jamaa ya watu watano au sita, bakuli la lita 1.5 hadi 2 linatosha. Dogo kuliko hilo litakufanya uwashe mashine mara mbili kila unapopata wageni.

Stima na joto

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Stima za Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Mashine iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120 na mizunguko 60. Ndugu yako akikuletea zawadi hiyo kutoka Chicago, fundi atakuambia ununue transfoma. Transfoma itarekebisha volti, lakini haibadilishi mizunguko, na kompresa iliyoundwa kwa mizunguko 60 inaweza kupata moto na kudhoofika ikilazimishwa kwenda kwa 50. Ni heri umwombe ndugu huyo akutumie pesa ununue hapa, au akuletee iliyoandikwa volti 220-240 na mizunguko 50.

Ada ya stima isikutishe. Mashine nyingi za nyumbani hutumia kati ya wati 100 na 250. Ya wati 150 ikienda saa nzima imekula yuniti 0.15. Pasi na birika la stima hula zaidi.

Kinachoua kompresa ni stima kupotea na kurudi ghafla. Stima zikikatika wakati gesi imebanwa, na zikarudi baada ya sekunde chache, kompresa hujaribu kuanza ikiwa imezibwa na shinikizo. Inaweza kuungua hapo hapo. Kwa hivyo nunua kile kifaa cha kulinda friji ambacho huchelewesha stima kwa dakika chache, nawe ukizima mashine mwenyewe subiri dakika tano kabla ya kuiwasha tena.

Wakazi wa Mombasa, Malindi, Kisumu na Garissa watazame jambo lingine kwenye kibati. Mashine nyingi za baridi huandikwa herufi za hali ya hewa. N ina maana kwamba imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32 za joto, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Mtu wa Limuru anaweza kutosheka na N. Wa Mombasa, ambaye jikoni mwake Februari hupita nyuzi 32 jiko likiwa limewashwa, anahitaji ST au T, vinginevyo atalalamika kwamba ameuziwa mashine mbovu. Hata iliyo bora isibanwe ukutani. Iachie nafasi ya kupumua pande zote, hasa pale feni inapotolea joto, na iwe mbali na jiko.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka mbali na moto. Gesi ya R600a, ambayo imeenea sana katika friji za siku hizi, hushika moto. Kiasi kilichomo ni kidogo, gramu chache tu, na ikiwa mabomba ni mazima hakuna la kuhofia. Lakini usimruhusu fundi wa barabarani aje na moto wa kulehemu kabla hajaitoa gesi hiyo nje, penye hewa.

Kelele? Zote hunguruma. Usiwashe mtoto akiwa amelala.

Sukari, maziwa na tui

Faida kubwa ya kujitengenezea ni kwamba wewe ndiwe mwenye kijiko cha sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa 100 za nguvu zote ambazo mtu hupata katika chakula, na ni bora zaidi isizidi sehemu tano. Kwa mtu mzima hizo tano ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Mapishi ya kawaida hutia gramu 150 hadi 200 kwa lita moja. Lita hiyo ikigawanywa vipande 15, kila kimoja kina gramu 10 au zaidi. Vipande viwili na soda juu yake, mtoto amevuka mpaka.

Wengine hukimbilia kuondoa sukari yote. Wakiigandisha, hupata jiwe. Sukari haipo kwa utamu pekee, bali pia huzuia maji yasigande yote, na hivyo ndivyo aiskrimu inavyobaki laini. Vitamu visivyo na nguvu, kama stevia, hutoa utamu lakini havilainishi. Punguza kidogo kidogo, tuseme hadi gramu 110 au 120, uongeze embe au ndizi iliyosagwa. Wenye ugonjwa wa kisukari wakumbuke kwamba matunda yaliyosagwa nayo yana sukari, na wanga wa kastadi hugeuka sukari mwilini. Waipime aiskrimu hiyo ndani ya hesabu ya mlo wao wa siku, si nje yake.

Kisha kuna wale ambao maziwa huwaunguruma tumboni. Si uchoyo wala si uchawi. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi, na wakiinywa hujaa gesi na kuendesha. Mwaka wa 2007 wanasayansi wakiongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitangaza kwamba walikuwa wamechunguza damu za watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, wakakuta kwamba jamii za wafugaji zina badiliko la urithi linalowawezesha kunywa maziwa utu uzima wao wote, badiliko ambalo ni tofauti na lile la Wazungu. Kwa hivyo katika nyumba moja ya Nairobi, baba anaweza kula bakuli zima salama na mama akakesha msalani.

Kwa mtu kama huyo mashine ya nyumbani ni nafuu kubwa. Mtindi huvumilika kwa wengi kuliko maziwa matamu, kwa kuwa sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa na vijidudu vyema vya mtindi. Na watu wa pwani wana dawa yao tayari, tui la nazi. Tui zito lililopashwa moto pamoja na sukari na iliki kidogo, likapozwa, hugandishwa na kompresa likawa laini kuliko krimu. Ukwaju na embe huenda nalo vizuri. Mwenye matatizo ya moyo asijisahau hapa, maana mafuta ya nazi ni ya aina ile ile ambayo daktari alimwambia apunguze.

Mwenye mzio wa njugu asitengenezewe katika bakuli lililotoka kutumiwa kwa njugu karanga bila kuoshwa kwa sabuni. Na mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asipewe aiskrimu yenye asali.

Siku ya kutengeneza

Pika mchanganyiko wako jana yake. Ukitoka motoni, usiuache mezani upoe wenyewe. Tia sufuria katika karai la maji ya barafu, koroga hadi uvuguvugu uishe, kisha ufunike na kuuweka katika friji usiku kucha. Wapo wanaomimina mchanganyiko wa moto katika mashine kwa kuwa "si ina kompresa yake?" Kompresa hiyo ni ndogo na iliundwa kumalizia kazi, si kuanza nayo. Itahangaika saa nzima na hutapata kitu.

Osha bakuli na kikorogeo kwa maji ya moto na sabuni, vikauke kabisa. Osha mikono. Washa mashine ipoe, mimina, funika.

Ikishashika, aiskrimu hutoka ikiwa laini kama ile ya koni. Ukitaka iwe ngumu, itie katika chombo chenye mfuniko na uiweke katika friza saa tatu au nne. Mashine nyingi zina kibonyezo cha kuendelea kuipoza baada ya kumaliza kukoroga. Hicho ni cha kukupa nafasi ya kula chakula cha mchana, si cha kuhifadhia hadi kesho.

Tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Siku kama hiyo usifungue friza kila mara kuchungulia. Iliyojaa, ikiwa imefungwa, huweza kuhifadhi baridi kwa muda wa siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Lakini aiskrimu huyeyuka kabla ya nyama. Ukikuta imeyeyuka yote, imwage. Kuigandisha tena kutairudishia sura yake, lakini viini vilivyozaana ndani yake havitatoka.

Kabla ya kulipa

Mashine za mitumba kutoka Ulaya zipo, na nyingine ni imara kuliko mpya. Kagua kibati. Ikiwa imeandikwa R12, iache. Gesi hiyo ni mojawapo ya zile zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeacha kuitumia kufikia 2010. Ikiisha huna pa kuijaza. Kwa mashine mpya, tafuta kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, uliza garanti ya kompresa ni ya muda gani na ni nani hapa nchini anayeuza kikorogeo na mkanda wa mota. Sehemu hizo mbili ndizo huvunjika kwanza.

Kisha mwambie muuzaji aichomeke plagi iliyowekwa wima pale dukani tangu asubuhi, bakuli likiwa tupu na kavu, na aiache iende dakika 10. Muuzaji anayejiamini hatakataa. Tia kidole chenye ukavu ubavuni mwa bakuli. Likiwa baridi kiasi cha kukufanya uondoe kidole, na ukungu mweupe umeanza kushika pande zote kwa usawa, kompresa ni nzima. Ukungu ukishika upande mmoja tu, au bakuli likawa baridi kama maji ya friji na hakuna zaidi, gesi ni pungufu. Ukiichukua nyumbani, isimamishe wima na usiiwashe hadi kesho yake, mafuta ya kompresa yapate kurudi mahali pake baada ya kutikiswa na matatu.